Kibati cha Mgeni

Baba alimleta Mgeni ndani ya mfuko wake wa ngozi, mwaka ule kiwanda cha saruji cha Tororo kilipoanza kutoa moshi. Alikuwa amewinda siku tatu upande wa Mukuju na hakurudi na nyama. Aliuweka mfuko chini mbele ya jiko, akausukuma kwa mguu, kikatoka kitoto cheusi chenye masikio ya mviringo, macho bado hayajafunguka sawasawa.

"Mbwa mwitu," alisema. "Walikuwa saba shimoni. Sita nimewabamiza kwenye jiwe. Huyu alining'ata kidole, na meno hana. Nikasema, huyu tutakula naye."

Mama, ambaye ni Msamia wa Busia, alifunika chungu chake cha mboga. "Utamnyonyesha wewe?"

"Atanyonya kwa huyo hapo."

Huyo hapo alikuwa mbwa wetu jike, mzee, aliyekuwa amezaa wiki ile. Watoto wake wengine walikufa, akabaki dume mmoja wa rangi ya udongo. Baba alikuwa ameshampa jina, Watachoka. Kwetu kijijini Kwapa mbwa hupewa jina la kuwaambia majirani jambo usiloweza kuwaambia usoni. Majirani walikuwa wakisema kwamba baba yangu, Imalingat, ana binti mmoja tu, hana mji, boma lake litakufa naye. Binti huyo ni mimi, Akongo. Kwa hiyo kila jioni baba alisimama uani na kuita "Watachoka!" kwa sauti iliyofika mpaka kwa Okiror, jirani yetu, na Okiror alijua ni nani anayeambiwa.

Mbwa jike alimnusa mgeni wake, akanung'unika, akamwacha anyonye. Ndivyo alivyopata jina.

Walipofungua macho, baba alifanya ile kazi ya wawindaji. Mwindaji wa kwetu akitaka mbwa awe wake, humfungua kinywa angali mdogo na kumtemea mate kooni mara tatu. Wazee wanasema mbwa aliyemeza mate yako hawezi kukuacha porini. Nilikwisha kuona ukweli wake. Nilipokuwa mdogo baba alianguka katika shimo la kutegea nguruwe, na yule mbwa jike akarudi nyumbani peke yake, akazunguka miguuni mwa mama mpaka mama akapiga yowe, wanaume wakamfuata wakamtoa baba. Tangu hapo, na hata kabla, hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba za wawindaji. Mume akichelewa porini, hakuna anayeulizia mpaka mbwa arudi peke yake.

Baba alimtemea Mgeni. Mgeni alimeza, kisha akaung'ata mdomo wa chini wa baba na kuning'inia. Baba alimbandua akicheka, damu kwenye meno.

"Mwanaume huyu," alisema. Halafu akanitupia Watachoka kama mtu anavyotupa kiazi. "Wewe mtemee huyo. Si ndiye utakayekuwa unamlisha?"

Nilimtemea. Alimeza akiwa ananitazama.

Walilala pamoja, walinyonya maziwa ya mama mmoja, wakala makombo ya chungu kimoja. Mama yao alipokufa kwa kuumwa na nyoka, wote wawili walishinda karibu na mwili wake siku nzima. Lakini nilipokwenda chemchemi asubuhi, Watachoka alitangulia, na kila njia ilipopinda alisimama, akageuza kichwa kuona kama ninakuja. Mgeni naye alikuja ikiwa kulikuwa na kitu chake huko. Hakusimama, wala hakugeuka. Sisemi alikuwa mbaya. Hakutuuma tulipomwacha na mambo yake, na siku za baridi alilala mgongoni mwa baba. Ila baba akizungumza naye, Mgeni alitazama mikono ya baba, mahali nyama inapotokea.

Alipokua alikuwa na madoa meusi na ya njano kama nguo iliyomwagikiwa dawa, na alikimbia bila kuchoka. Wengine walihitaji nyavu na watu kumi. Baba alitoka na Mgeni tu. Mgeni alimfuata paa taratibu, asubuhi mpaka mchana, mpaka paa akasimama mwenyewe, kisha akaanza kumla tumboni kabla hajaanguka. Baba alikimbilia huko na mkuki apate sehemu yake. Siku nyingine alipata miguu miwili, siku nyingine kichwa.

"Anamkimbiza mnyama mpaka mnyama anaomba kufa," aliwaambia watu kwenye pombe.

Siku moja wanaume walikuwa uani kwetu wamezunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake. Okiror, ambaye hakuweza kukaa mahali bila kumchokoza baba, alisema, "Ndugu yangu, yule wako wa porini hajui kama upo. Anawinda, na wewe uko karibu. Basi."

"Amemeza mate yangu."

"Hata mto unameza mate yako."

Wanaume walicheka. Baba aliachia mrija, akachukua vipande viwili vya nyama kavu. Alifunika kimoja kwa chungu kikuukuu, juu akaweka jiwe la kusagia. Akaniambia nimlete Watachoka.

Watachoka alinusa, akakwaruza chungu, akasukuma jiwe kwa pua. Halikwenda. Alijaribu tena kidogo. Kisha alikaa chini, akanitazama. Akatazama chungu, akanitazama tena, na mkia ukafagia vumbi.

"Anaomba ruhusa ya mkuu wa gombolola!" mmoja alipiga kelele, na wote wakacheka mpaka mirija ikawatoka. Mimi nilitazama miguu yangu. Nilitaka kwenda kuondoa lile jiwe lakini kulikuwa na watu.

Wakamwondoa, wakamleta Mgeni. Mgeni hakumtazama mtu yeyote. Alichimba. Alipofika kwenye udongo mgumu aliuma ukingo wa chungu, akauma mpaka ukapasuka, kipande kikamkata ulimi, akaendelea. Alikula nyama pamoja na damu yake na vigae.

"Mmeona?" baba alisema. "Mmoja ni mwanaume. Mwingine ni kama huyu binti, kazi yake kutazama watu usoni."

Okiror alivuta pombe yake polepole. "Mwanaume wa nani, hilo ndilo nauliza," alisema.

Wakati wa kupalilia pamba, kichaa cha mbwa kiliingia. Mtoto wa Mukuju aliumwa, wakamfunga kwenye nguzo ya ghala, akafa akiogopa maji. Wiki mbili baadaye tukaitwa barazani. Amri ilisomwa kwa Kiswahili, kisha kwa Kiteso: mji mmoja, mbwa mmoja, kibati kimoja. Mbwa atakayekuwa na kibati cha serikali shingoni ataishi. Siku sita baada ya vibati kugawiwa, mbwa yeyote asiye na kibati atapigwa risasi mahali alipo, na mwenye mji atakayeficha mbwa atapigwa viboko kumi na viwili, kisha jela ya Tororo. Na wanyama wote wa porini wa jamii ya mbwa wapigwe popote.

Tulirudi nyumbani. Mama ndiye aliyeuliza. "Nani atavaa?"

"Mgeni."

"Mgeni ni wa porini. Umesikia amri."

"Kesho atakuwa mbwa," baba alisema.

Alikinoa kisu kile cha kuchunia. Alimfunga Mgeni miguu kwa kamba, akampa gogo la kuuma, akaniita nimshike kichwa. Nilikishika. Baba alikata yale masikio ya mviringo pande zote mbili yakawa na ncha. Mgeni hakulia. Aliuma gogo mpaka jino likavunjika, na macho yake yalikuwa yametazama mbele, kwenye majani, kana kwamba mimi na baba ni mvua tu iliyomkuta njiani. Watachoka ndiye aliyelia. Alisimama nyuma yangu akinilamba kiwiko, akitetemeka.

"Baba," nilisema.

"Nini?"

Nikakibana kichwa cha Mgeni kwa nguvu zaidi.

Siku ya vibati tulikwenda gombolola, kwenye ofisi ya serikali. Mzungu wa mifugo alikuwa ndani ya gari lake, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi. Kazi ilifanywa na askari mmoja, Ojiambo, mtu wa Busia, mnene, mwenye maneno ya kuchekesha wakati mbaya. Baba alikuwa amemfunga Mgeni mdomo kwa kamba na kupaka masizi kwenye madoa. Watachoka tulimwacha nyumbani.

"Huyu naye ametoka wapi?" Ojiambo aliinama. "Mzee, mbwa huyu alipikwa akaungua."

"Baba yake ni mbwa wa Mzungu, kule kiwandani," baba alisema. "Damu imechanganyika."

"Ehe. Na Mzungu anajua kwamba mbwa wake analala Kwapa?"

Watu walicheka. Ojiambo hakucheka. Alimshika Mgeni sikio, akaona kidonda kibichi, akamtazama baba. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe binti. Wewe ulisoma kwa masista kidogo, sivyo? Masista hawafundishi uongo. Huyu ni mbwa?"

Nilijua ni neno moja tu linalotakiwa. Nikisema hapana, Mgeni atapigwa risasi palepale, na kibati kitabaki kwa Watachoka. Watu wote walikuwa wananingoja. Nikamtazama baba usoni kwanza.

"Ndiyo," nilisema.

"Sikusikia."

"Ndiyo. Ni mbwa."

"Basi ni mbwa." Alimvisha ukanda wenye kibati shingoni, na Mgeni akamkojolea kiatu. Watu walicheka tena, na mimi nikacheka pamoja nao, kwa sababu baba alikuwa anacheka.

Zikabaki siku sita.

Ya kwanza niliondoka alfajiri na Watachoka, tukapita njia za wachuuzi kando ya mpaka mpaka Busia, upande wa Kenya, ambako amri ile haikufika. Mama mdogo Taaka anakaa huko. Tulitembea kutwa. Watachoka alitangulia na kugeuka, kutangulia na kugeuka, njia nzima. Mama mdogo alimfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya ghala lake la mahindi.

"Mwanangu, atazoea," aliniambia. "Mbwa ni tumbo tu. Nitampa ugali na dagaa."

Asubuhi nilitokea mlango wa nyuma nisimuage Watachoka. Alijua. Nilisikia kilio chake mpaka nilipopita soko, na hata baada ya soko nilidhani ninakisikia. Nilifika nyumbani jioni, nikalala. Kulipopambazuka nilifungua mlango, yuko kizingitini, kipande cha kamba shingoni, kucha mbili zimeng'oka. Alijaribu kurukaruka kwa furaha, miguu ikakataa, akaanguka ubavu akaendelea kupiga mkia akiwa amelala.

Baba alipita juu yake akienda zizini. "Umeona anachojua?" alisema. "Kurudi."

Mama alingoja baba aende mbali. "Sikiliza," aliniambia. Alikuwa anapepeta wimbi na hakuinua macho. "Mfanye akuchukie. Mbwa akikuchukia ataondoka mwenyewe. Ukimwonea huruma unamuua."

Nilichukua fimbo. Nilimpiga mgongoni. Alilala chali akanionyesha tumbo. Nikampiga tumboni. Alikimbia mpaka kwenye migomba, akakaa, akanitazama kama anayengoja nimwambie kosa lake. Nilimrushia mawe. La kwanza lilimkosa, naye alilifuata, akaliokota na kuniletea, kwa sababu akiwa mdogo nilimchezesha hivyo. Jiwe la tatu lilimpiga jicho.

Siku ya nne nilimmwagia maji ya moto ya ugali. Ngozi ya bega ilivimba, kisha ikatoka. Kelele aliyoipiga ilimfanya Okiror aje mpaka kwenye ua wetu.

"Wewe mtoto, una nini?" aliniuliza. "Hata adui hamfanyii hivyo adui."

Okiror alitikisa kichwa akaenda zake. Watachoka alikwenda mpaka kwenye matete ng'ambo ya kijito, na safari hii hakurudi. Jioni baba hakumwita. Alikuwa ameacha kuita tangu siku ya vibati. Nililala nikijua kwamba ananichukia. Ulikuwa usingizi mzuri.

Ya tano hakuonekana. Ya sita hakuonekana. Asubuhi ya saba Ojiambo alikuja na bunduki na kiboko.

"Hodi, mzee Imalingat."

"Karibu, askari. Kiti hicho."

"Sikuja kukaa. Mbwa wa pili yuko wapi?"

"Mbwa wangu ni huyo mwenye kibati."

"Huyo namjua, nilimvisha mwenyewe, bado kiatu kinanuka. Nauliza Watachoka. Mzee, mwaka mzima Kwapa yote inalala na kuamka na Watachoka. Hata mke wangu nikimgombeza ananijibu, watachoka." Alitazama uani, chini ya ghala, kwenye migomba. "Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Mkia wake uko wapi? Mbwa akifa, mkia unaletwa gombolola."

Baba hakuwa na mkia wa kuonyesha. Ojiambo alimwonyesha chini kwa kiboko. "Lala, mzee. Usinichukie, ni amri."

Baba alivua shati, akalala kwenye vumbi mbele ya nyumba yake, mbele ya mama na mimi, na Okiror kwenye ua. Kiboko cha kwanza kilishuka, cha pili, cha tatu. Cha nne aliinua uso wenye vumbi.

"Akongo," alisema. "Mwite."

Mama alitazama ungo wake.

"Mwite, nimesema! Anakusikia wewe."

Nilifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Hana sauti leo?" Ojiambo alisema. "Siku ile alisema ndiyo vizuri kabisa." Akainua kiboko tena.

Niliita. Niliita kwa sauti ndogo kabisa, ile ya kumpa makombo, ambayo haiwezi kuvuka kijito. Nilijiambia, nimeita, na hakuna aliyesikia. Lakini hakuwa ng'ambo ya kijito. Alikuwa nyuma ya ghala. Sijui alikuwa amelala pale tangu lini. Alitoka akitambaa kwa tumbo, jicho moja limefumba, bega likiwa jekundu na inzi juu yake. Alimpita Ojiambo, akampita baba pale chini, akafika kwangu, akakalia miguu yangu, akainua uso.

"Sogea," Ojiambo aliniambia.

Nilisogea. Watachoka akasogea nami. Nikasogea tena, akasogea.

"Basi mshike kamba. Karibu, hivyo. Mkono mbali na kichwa. Risasi ni moja."

Nilikishika kile kipande cha kamba ya mama mdogo. Alikuwa anatetemeka, na nilipokishika akaacha kutetemeka. Bunduki ilikuwa kando ya sikio lake, hakuigeukia. Alikuwa ananitazama mimi, kisha kidogo bunduki, kisha mimi tena, kama siku ile ya jiwe la kusagia.

Mlio ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Ojiambo alimwomba mama kisu, akakata mkia, akaufunga kwa jani la mgomba. Wakati baba anajipangusa vumbi, Mgeni alitoka kivulini na kibati chake kinachogongagonga. Alinusa kichwa cha Watachoka, mahali palipopasuka, akalamba. Kisha akazunguka akaanza tumboni.

Baba alimpiga teke. "Toka! Toka wewe!" Mgeni alinguruma bila kuachia.

Ojiambo alikuwa tayari njiani. Alisimama, akatazama, akaanza kucheka, tumbo likitikisika juu ya mkanda. "Binti," aliniita. "Huyu ndiye mbwa?"

Wiki tatu baadaye baba alikwenda porini na Mgeni. Zamani, nyama ikiwa nyingi, aliniita nikabebe. Siku hiyo hakuniita, nami sikutoka jikoni. Jua lilizama hajarudi. Mama alifunika chakula chake kwa ungo.

"Mbwa amerudi?" aliniuliza.

"Hajarudi."

"Basi wako salama."

Tulilala. Asubuhi mama aliuliza tena, nikatazama uani, nikasema bado. Akaenda kupalilia. Mchana Okiror alitokea njiani na wanaume wawili, wamembeba baba kwenye machela ya matawi. Okiror alikuwa amekwenda kutafuta kamba za kuezekea akasikia mtu anapiga mluzi.

Nguruwe wa porini alimpasua paja toka gotini mpaka juu. Mfupa ulionekana. Mkuki wa baba ulikuwa umempata nguruwe pia, naye alianguka hatua ishirini tu kutoka pale. Mgeni alimla nguruwe. Baba alimwita, akampigia mluzi, akamwita tena. Mgeni alikula mpaka jioni. Aliposhiba alikuja, akasimama juu ya baba, akainusa ile damu ya paja, akatazama mikono ya baba. Baba alikuwa amekamata kipande cha mkuki kilichovunjikia mkononi mwake. Wakakaa hivyo, baba hakujua muda gani. Halafu Mgeni aliondoka kuelekea Mukuju. Hakugeuka nyuma.

"Kwa nini hamkuja?" baba alimuuliza mama, meno yakigongana kwa homa. "Siku nzima na usiku. Kwa nini hamkuja?"

"Mbwa hakurudi," mama alisema.

Baba alitazama ukuta. Okiror alikuwa amesimama mlangoni.

Mguu ulipona vibaya. Ulikauka ukawa mfupi, na baba hakuwinda tena. Wakati wa kuvuna wimbi Okiror aliniambia amewaona mbwa mwitu kumi na mmoja wakivuka barabara ya Mukuju asubuhi, na mmoja wao ana masikio ya ncha, na kitu kinameta shingoni. Okiror aliita "Mgeni!" kwa kujaribu tu. Yule mwenye kibati alimtazama mbuzi aliyekuwa nyuma ya Okiror, akapima, akaendelea na wenzake. Sikumwambia baba. Nadhani alikwisha kusikia, kwa sababu siku ile alitupa kile kipande cha mkuki chooni.

Mwaka uliofuata amri iliondolewa. Ojiambo mwenyewe alipita akisema mtu akitaka mbwa kumi afuge kumi. Jioni hiyo baba alikuja akichechemea kutoka kwa Okiror, na ndani ya shati lake kulikuwa na kitoto cha mbwa, jike, cha rangi ya udongo. Alikaa kwenye kiti chake mbele ya jiko. Alihangaika kidogo na kile kitoto, akakishika hivi na hivi. Mdomo wake wa chini bado una kovu.

"Mimi sina mate mazuri," alisema. Alikuwa anatabasamu, na nilikuwa sijamwona akitabasamu tangu pombe zile za wimbi. Akanipa. "Mtemee wewe. Wako ndio wanaorudi."

Nilikipokea. Kilikuwa na joto, na moyo wake ulikwenda mbio chini ya kidole changu gumba. Kilifungua kinywa chenyewe, kikapiga mwayo, nikaona koo jekundu. Baba alikuwa anangoja. Mama aliacha kupepeta. Nilikifumba kile kinywa kwa vidole viwili, nikakibana, nikakiweka chini, nikakigeuza kichwa kitazame ukuta.

"Unafanya nini?" baba aliuliza.

Kitoto kilikaa kidogo kikiutazama ukuta. Kisha kikageuka, kikaniinulia uso.

Nikakigeuza tena, kwa nguvu zaidi, mpaka kikalia. Kikageuka.